Wau ya Ukurasa wa Tatu

Nilipoliona lile kopo la biskuti mapajani mwa Amina, niliisahau chai mkononi. Ni kopo la bati, zamani lilikuwa jekundu, sasa limebabuka pembe zote, na sikuwa nimelitia machoni tangu nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita. Amina ni binti wa marehemu Mama Pati. Mama yake alifia Kinshasa, arobaini ikapita, naye akapanda ndege kuja Kisangani alikozaliwa, na kutoka uwanjani hakwenda hotelini wala kwa ndugu wa baba yake, alikuja moja kwa moja kwangu Kabondo kwa pikipiki, kopo amelikumbatia kama mtoto mchanga. Hata viatu hajavua akaniambia, "Tantine Zaina, mama mbele ya kufa alisema hii barua iko na musomaji mumoja tu, na ule musomaji ni wewe. Alors nimekuletea. Utanisomea." Nikacheka. Mimi nikiogopa hucheka, ni ugonjwa wangu, na watu wengi wamenikasirikia msibani kwa ajili yake. Nikamwambia ale kwanza, mgeni hasomewi barua na njaa. Nikampakulia lituma, ndizi zetu za kupondwa, na samaki wa moshi, nikamwongezea bila kuombwa, nikaenda jikoni kutafuta chumvi ambayo ilikuwa mezani. Ukweli ni kwamba nilitaka apunguze mwendo. Kwa miaka yote hii nimejua kwamba siku moja mtu ataliweka kopo lile mbele yangu na kuniambia soma, nami nitalazimika kusema nilichokifanya.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Sisi ni watu wa Maniema tuliofika Kisangani zamani, kila nyumba ya mtaa wetu ina hadithi hiyo hiyo, na anayeitaka ataisikia kwa jirani. Ninachohitaji kusema ni kwamba bibi yangu, aliyenilea, alijua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu. Hizi za Kizungu hakuzijua, ng'o. Ofisini waliandika kwenye karatasi zake kuwa hajui kusoma, wakamshika kidole gumba wakakichovya kwenye wino, na nyumbani mwanamke huyo huyo alikuwa akipokea barua kutoka Kasongo na kuzijibu kwa mwandiko mzuri kuliko wa karani aliyemshika kidole. Macho yalipomwishia mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Na kusoma kule si kama kusoma gazeti. Herufi moja, wau, huwa o na huwa u, msomaji ndiye wa kuchagua kwa akili yake. Mtaani kwetu wanasimulia mpaka leo kwamba ilifika barua kutoka kwa shemeji fulani, ikasomwa kwa sauti barazani, "Moto iko ku nyumba ya Shabani," watu wakachota maji, wakakimbia na ndoo na mabeseni mpaka kwa Shabani, wakamkuta mgeni mmoja amekaa anakula kuku. Barua ilisema mutu, si moto. Herufi ni zile zile. Bibi alikuwa akiimaliza hadithi hiyo kwa kunifinya sikio: "Usipojua, useme hujui. Kuuliza si ujinga." Nilimwitikia ndiyo, bibi. Nilikuwa na majibu mengi ya ndiyo, bibi, mwaka ule.

Tonton Albert, baba yake Amina, alikuja madrasani kwetu mwezi wa nne. Alikuwa fundi wa kilimo, mtu mrefu wa upole, Mkristo wa huku huku mtoni, aliyesoma kwa Warusi miaka mingi na kurudi na mke. Mkononi alikuwa na karatasi nne zilizokunjwa, alizoletewa na mwanafunzi mmoja aliyetoka huko. Mwalimu wetu akavaa miwani, akaanza kwa Bismillahi, mstari wa kwanza akaukwamia, wa pili akaukwamia, akavua miwani. "Hii herufi iko yetu," akasema, "lakini hii luga hapana. Hii haiko Kiarabu." Tonton Albert akaeleza kwamba ni Kikumuki, lugha ya kabila la mke wake, watu wa milimani na kando ya bahari moja ya huko, Waislamu, na barua imetoka kwa mama mkwe. Mke anaifahamu lugha lakini hizi herufi hazijui, shuleni yeye alifundishwa za Kirusi. Mwalimu akafikiri, kisha akaninyooshea kidole mimi, nyuma kabisa, upande wa wasichana. "Chukua ule. Anazoea kusoma maneno yenye hayana vokali." Wenzangu wakageuka wote. Nilivimba kichwa siku ile, sitaficha. Mimi, Zaina, nimeitwa Makiso, katikati ya mji, kusoma barua ya Wazungu!

Nyumba yao ilikuwa moja ya zile za zamani karibu na mto, sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta, madirisha ya vibao. Ukutani sebuleni walikuwa wametundika zulia, zulia kabisa, la kukanyaga, jekundu na buluu, na unyevunyevu wa Kisangani ulikuwa umeanza kulila kwa chini. Mama Pati, jina lake Patimat, alikuwa amekaa mezani kabla hatujafika, daftari limefunguliwa, kalamu mkononi, nywele zimefungwa kitambaa kama mwanamke wa kwetu. Kiswahili alikuwa amekiokota sokoni na kwa majirani, akakishonea Kifaransa. "Karibu, mutoto. Mimi iko na masikio, wewe iko na macho," akaniambia. "Mbili pamoja, tutakuwa mutu mumoja mwenye kujua kusoma." Ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nilisoma kwa sauti nisichokielewa hata neno, yeye aliposikia kitu kinachofanana na lugha yao alipiga kelele, akanirudisha, akanirekebisha, si k ni g, si a ni e, akakiandika kwa herufi za Kirusi kwenye daftari lake. Hapo ndipo aliponieleza kwamba wau yao ni mbaya kuliko yetu. "Nyinyi mbili, o na u. Sisi ine." Akanionyesha kwa midomo zile mbili za ziada, midomo umeiviringa kama unapuliza moto na ulimi umeusukuma mbele, gyo, gyu, na mimi nikarudia, Tonton Albert akacheka mpaka akatoka nje.

Nakumbuka chakula cha siku ile kuliko nguo niliyovaa. Mama Pati alikiita hinkali: unga wa ngano uliokandwa na kukatwa vipande, ukachemshwa kwenye mchuzi wa nyama ya mbuzi, halafu kitunguu saumu kimepondwa, kingi mno, cha kumwagia juu. Mbuzi alichinjwa na mtu wa msikiti, akaniapia, ili nile bila shaka. Tulikula huku barua imewekwa mbali na mafuta, juu ya redio. Na alipokuwa akila alinisimulia kwa nini binti asome barua ya mama yake kupitia mtoto wa Kabondo. Mama yake alipokuwa msichana alisoma kwa herufi hizi, kwa mwalimu wa dini, akazijua vizuri. Serikali ikasema hizi zimepitwa na wakati, ikaleta za Kizungu. Watu hata hawajamaliza kujifunza, zikaondolewa nazo, zikaletwa za Kirusi. "Mama yangu alilala anajua kusoma, akaamuka hajui. Mara mbili," akasema, akanionyesha vidole viwili vyenye saumu. Kwa hiyo miaka yote barua zake zilikuwa zikiandikwa na mwalimu jirani, kwa herufi za Kirusi, na kila alichotaka kusema kilipita kwanza kwenye sikio la jirani. Sasa jirani amehamia mjini. Ndiyo bibi kizee akachukua kalamu mwenyewe, akarudi kwenye herufi za utoto wake. Nilimfikiria bibi yangu na kidole gumba chake.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu, na katikati ya salamu kulikuwa na neno la kafu, wau na zai, nami nikalisoma guz, goz, nikihangaika, Mama Pati akaruka kwenye kiti: "Gyoz! Gyozlerim!" Akajigusa macho yote mawili kwa vidole. Macho yangu. Mama yake alikuwa anasema macho yanamwishia, anaandika sasa kwa kuwa bado anaona kidogo. Akalia, akafuta, akaniambia tuendelee. Neno lile likanikaa kichwani, umbo na sauti, gyoz, macho, la kwanza nililolijua katika lugha ile, na nilijisikia kama nimepewa ufunguo wa nyumba. Ukurasa wa pili ulikuwa wa majirani na ng'ombe. Ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho kabisa, mwandiko umeanza kutetemeka, nikaliona tena: kafu, wau, zai. Sikusita. Sikumngoja anirekebishe. "Gyozde gel, balam," nikasoma mbio, kwa maringo, kama mtu anayemwamkia rafiki. Mama Pati akaacha kuandika. "Gyozde?" akauliza. "Kwetu hatusemagi hivi. Njoo machoni, mwanangu..." Akafikiri. "Bon, mama yangu iko mutu wa maneno yake. Zaina, uko na hakika?" Hapo ndipo mahali. Ningetazama tena. Ningesema, mama, hii ni wau, inaweza kuwa yoyote kati ya zile nne. Bibi alikuwa amenifinya sikio mara ngapi? Lakini nilikuwa nimeshiba hinkali na sifa. "Niko na hakika, mama," nikasema.

Tulimaliza, akanibusu kwenye paji la uso, akaomba niwe nikija kila Alhamisi amsikie tu mtu akisoma herufi za mama yake. Nikawa ninakwenda. Barua, aliyoitunza kwenye kopo la biskuti, tuliisoma tena na tena, na kila mara pale nilisoma gyozde, na mara ya tatu au ya nne hakuniuliza tena chochote. Yeye akanifundisha maneno yao. Suv ni maji. Uy ni nyumba. Ata, ana, baba na mama. Mara nyingi alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, miguu juu ya mto, na nilijua sababu maana kuta za nyumba ile zilikuwa na masikio na mimi nilikuwa na masikio zaidi. Alikuwa na mimba, na mimba mbili za kabla ya ile zilikuwa zimetoka. Siku moja nikingoja barazani nilimsikia daktari akimwambia Tonton Albert kule ndani, kwa Kifaransa cha taratibu, kwamba mama asibebe kitu, asipande gari lenye kuruka ruka, na habari ya ndege hata asiitaje mpaka mtoto azaliwe. Tonton Albert akajibu, "Nani anasema habari ya ndege? Hakuna mutu anasafiri hapa." Nilisikia, nikapuuza, nikaingia na maneno yangu mapya.

Ilikuwa mwezi wa saba, na mvua ilikuwa imetunyeshea tangu asubuhi. Tulikuwa tunakunywa chai, naye anatazama mwembe wa jirani kupitia vibao vya dirisha, akasema hapa miti inachosha, kila siku kijani. Kwao, akasema, miti inajua wakati. Kuna wakati majani yanageuka mekundu na ya manjano, yanaanguka yote, baridi inakaribia, watu wanavuna zabibu na kutia kuni ndani. "Wakati ule tunaita gyuz," akasema. "Nyinyi hamuna gyuz." Nikarudia, kama nilivyokuwa nikirudia kila neno. Gyuz. Na midomo yangu ilipokuwa bado imeviringwa, nikaiona karatasi, ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho. Kafu, wau, zai. Gyuzde gel, balam. Njoo wakati wa majani kuanguka, mwanangu. Nikakiweka kikombe mezani. Yule bibi kizee hakuwa anapamba maneno, alikuwa ametaja majira! Ametaja lini! Macho yanaisha, mkono unatetemeka, na anamwambia mtoto wake aje kabla ya baridi, nami kwa maringo yangu nimeifanya kuwa njoo machoni, maneno matamu yasiyo na tarehe. "Gyuz ni mwezi gani, mama?" nikauliza, sauti haikuwa yangu. "Ya tisa, ya kumi," akasema. "Kwa nini umeacha chai?" Nikacheka. Nilicheka kama mwendawazimu, nikaaga, nikaondoka na mvua.

Kutoka siku ile roho yangu ilikuwa juu juu. Nilihesabu kwa vidole: miezi miwili, hata miwili haitimii. Nikiwa ninaosha vyombo midomo inasema peke yake, gyoz, gyuz, gyoz, gyuz, na bibi akiuliza nani anapuliza moto huko. Mara tatu nilikwenda Makiso na maneno yamepangwa tayari, mama nisamehe, nilisema niko na hakika nami sikuwa nayo. Mara ya kwanza nilimkuta amelala. Ya pili Tonton Albert alikuwepo, na mbele ya mwanaume niliona haya. Ya tatu alikuwa mchangamfu, anashona kofia ndogo ya sufi, katika joto lile, sufi! Nikakosa moyo wa kumharibia. Mwishowe nikamwambia bibi, nusu tu, kwamba nina habari ya kumpa mwanamke mjamzito na si habari nzuri. Bibi hakuuliza habari gani. "Mwenye mimba hapewi habari mbaya," akasema. "Hata ya msiba inafichwa. Anaweza kumwaga mtoto. Ngoja ajifungue." Ni desturi yetu, na ni desturi ya huruma, wala sina neno nayo. Lakini mimi niliidaka kama mtu anayezama anavyodaka pirogi, mtumbwi wa kwetu. Niliambiwa ningoje! Wakubwa wamesema! Nikanenepa siku mbili tatu. Kisha hofu ikarudi, mbaya zaidi, maana moyoni nilijua kwamba simfichii ili kumlinda yeye, ninajilinda mimi.

Mwezi wa tisa ulipokaribia mwisho nikashindwa. Niliamka siku ya Jumatatu, si siku yangu, nikavaa kanga, nikatembea kwa miguu kutoka Kabondo mpaka Makiso nikijiambia leo, leo, leo. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni majirani wawili walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, na zulia la ukutani limeteremshwa, limetandikwa. Mama Pati alikuwa juu yake, tumbo kubwa, miguu ameinyoosha, na karatasi ya telegramu iko sakafuni, ambayo hata mimi niliweza kuisoma maana kule posta waliandika kwa herufi za Kizungu maneno ya Kirusi, maneno mawili tu, na la kwanza lilikuwa mama. Nikajitupa magotini. Nikaanza, "Mama, ile barua, mimi..." na sikufika mbali. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, mikono ya moto. "Sikia, Zaina. Ulisoma muzuri," akasema. "Unasikia? Ulisoma muzuri." Maneno hayo yalinichoma kuliko kofi. Alikuwa ananishukuru! Nimemkosesha mama yake, naye ananishukuru mimi! Nikalia mpaka majirani wakadhani marehemu alikuwa ndugu yangu, wakanipa maji. Sikusema tena. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Mtoto akazaliwa mwezi wa kumi na moja, mzima, wa kike, akapewa jina la marehemu nyanya yake, Amina. Nilimbeba siku ya saba. Mwaka uliofuata Tonton Albert akahamishwa Kinshasa, wakaenda na kopo lao, na mimi nikabaki na langu. Niliingia ualimu. Nimefundisha darasa la kwanza maisha yangu yote, mpaka magoti yakakataa, na waulizeni watoto wa Kabondo, ambao sasa wana vitambi, watawaambia kwamba kwa Madamu Zaina kitu cha kwanza cha kujifunza hakikuwa a, e, i, o, u. Kilikuwa sijui. Niliwasimamisha mmoja mmoja waseme kwa sauti: sijui, Madamu. Aliyekisia nilimweka kona. Walimu wenzangu walisema nina wazimu kidogo, na hawakukosea sana. Barua za Mama Pati zilikuwa zikija kwa nadra, salamu, picha ya Amina na sare ya shule, na kila bahasha niliifungua nikiogopa kwamba leo ataniuliza. Hakuuliza. Kisha zikaja simu za mkononi, akawa ananipigia sikukuu, na hata kwenye simu hakuuliza.

Sasa Amina alikuwa amenawa mikono. Akafungua kopo. Karatasi nne, zimekuwa laini kama kitambaa, na chini yake daftari. Sikumngoja aniambie soma. Nikamwambia akae vizuri, nikamsimulia yote, ukurasa wa kwanza na wa tatu, macho na majani, hakika niliyoitoa bila kuwa nayo, mwezi wa saba, mwezi wa nane nilioumaliza nikijificha nyuma ya desturi, kofia ya sufi, telegramu. Nilisema bila kucheka. "Mama yako angeweza kwenda," nikamwambia, "ama angeweza kuandika, ama kupeleka mutu. Mimi nilimfungia njia. Unisamehe wewe, maana yeye sikumwomba." Amina alikuwa amekunja uso, analipekua daftari. Kikumuki hakijui, ni maneno machache tu ya kubembelezea watoto, lakini herufi za Kirusi mama yake alimfundisha. "Ngoja, tantine," akasema. "Ngoja kwanza. Hapa iko ile unasema, kwa bic ya buluu. Gyozde gel, balam. Njo ile?" Nikasema ndiyo ile. "Bon. Lakini hapa pembeni aliandika ingine, kwa kreyo. Gyuzde. Alichora na musitari chini yake. Na tena chini iko miezi." Akasoma akifuata kwa kidole: mai, iyun, iyul, avgust, sentyabr. Nikasogea. Kusoma sikuweza, hizo si herufi zangu, lakini alama niliziona. Kila neno lilikuwa na alama yake kando, kama ya mtu anayehesabu mwezi umeisha, moja kwa penseli ile ile, nyingine kwa wino mweusi, nyingine kwa buluu, nyingine kwa wino uliokuwa ukikatika. La mwisho, la mwezi wa tisa, halikuwa na alama.

Nilikaa chini, nadhani nilikaa juu ya viatu vyake. Alijua. Tangu mwezi wa tano, kabla hata mimi sijalijua neno gyuz, Mama Pati alikuwa ameshaelewa, maana nani asome kwa masikio ya lugha yake asigundue? Kwetu hatusemagi hivi, alisema mwenyewe. Alijua, akalala kwenye kile kiti na miguu juu ya mto, akahesabu miezi ikipita, na kila Alhamisi akaniacha nimsomee njoo machoni. Akamwacha mtoto wa watu aamini alichosoma, na mumewe aamini hakuna mtu anayeitwa mahali. Ulisoma muzuri, Zaina. Miaka yote nilidhani alikuwa hajui anachonishukuria. Nilimhurumia, nikamkasirikia pia, sitasema uongo, kwamba tungeweza kuubeba wawili mzigo ule, naye akauchukua peke yake na kuniachia mimi mwingine wa bure.

"Gyuz njo ile majani inaanguka?" Amina akauliza. Nikaitikia. Akatazama tena miezi, midomo inahesabu bila sauti, na nikaona hesabu inapofika, nikatamani nimzibe macho. "Mimi nilizaliwa ya kumi na moja," akasema pole pole. "Donc alijua, na hakuenda sababu ya mimi. Juu nilikuwa ndani ya tumbo." Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo, mama mzima wa watoto watatu. "Bibi yangu alimungojea, na mimi njo nilimuzuia. Na jina lake nikapewa." Akaisukuma barua mbele yangu, ukurasa wa tatu juu. "Tantine, tazama muzuri. Wewe njo unajua hizi herufi. Uko na hakika kama ni gyuz?"

Nikavaa miwani. Mstari wa mwisho, mwandiko unatetemeka, wino bado mweusi. Kafu, wau, zai, na baada yake de, na baada yake gel. Niliitazama kadiri nilivyopaswa kuitazama siku ile nikiwa na miaka kumi na sita. Shaka sikuwa nayo hata chembe.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Wau ni moja, inasomwa zote. Mama yako mwenyewe aliziandika mbili, unaona? Hakika sina."

Amina akajifuta uso kwa kiganja. "Basi unisomee ile ya macho," akasema.

Nikamsomea ile ya macho.